Tulipiga kura mu barabara: maisha yetu miaka saba kisha

Asante kwa kufika, zaidi sana ninyi wenye mumetoka Butembo asubuhi. Ile barabara tunaijua, na bei ya moto ya siku hizi tunaijua vilevile.

Mulituomba tuseme juu ya jambo moja: kisha watu kusimama, kisha makelele, gazi ya machozi na makaburi, maisha inabakia namna gani? Watu wanajionaje? Tutasema yenye tunaona hapa Beni na Butembo, na kidogo yenye inatoka mbali.

Tuanze na tarehe, sababu wadogo zetu wenye wako na miaka kumi na tano leo walikuwa wangali batoto wa masomo ya msingi. Tarehe 26 Desemba 2018, siku ine mbele ya uchaguzi, CENI ikatangaza kwamba Beni, Butembo na vijiji vya kandokando, pamoja na Yumbi kule Mai-Ndombe, hawatapiga kura siku moja na nchi. Sababu walizotoa: Ebola na ukosefu wa usalama. Watu zaidi ya milioni moja wakawekwa pembeni. Na masoko? Yalikuwa wazi. Makanisa? Yalijaa. Kampeni ilikuwa imepita hapahapa na umati mkubwa, na hakuna mutu alisema Ebola inakataza. Hasira ikawaka. Kesho yake watu walishambulia hata kituo cha Ebola hapa Beni, na wenye kupata hasara walikuwa wagonjwa wetu wenyewe.

Lakini tarehe 30 Beni ilifanya kitu kingine. Watu walipanga uchaguzi wao wenyewe. Hakuna mashini, ni makaratasi tu. Kuko maji ya kunawa mikono, sababu walikuwa wamesema sisi ni hatari. Watu wakapiga mustari, wakasubiri, kila mutu akaandika yenye alikuwa na yo mu roho.

Ile kura haikuhesabiwa fasi yoyote. Matokeo ya rais yalitangazwa 10 Januari 2019, rais akaapa 24 Januari, na sisi tukaitwa 31 Machi kuchagua wabunge, wakati kiti cha rais kilikuwa tayari na mutu.

Basi ililetea nini? Hiyo swali tunaisikia kila siku, fasi ya kununua unite, ku parking ya moto, hata mu nyumba zetu. Jibu letu ni hili. Butembo ni muji wa biashara, watu wanajua kujichangia wenyewe wajenge yenye serikali haijengi. Wazee wetu walituambia: siasa ni mambo ya Kinshasa, sisi tufanye artikle 15. Tunawaheshimu kwa hiyo, ndiyo ilitulisha. Lakini mutu mwenye kujisaidia kwa kila kitu anamaliza kwa kusahau kwamba kuko mwenye kulipwa kwa kazi ile. Tangu ile Desemba, swali ilibadilika. Mama wa soko anauliza leo: ile taksi yangu ilienda wapi? Burgomesta anaulizwa juu ya shimo ya barabara. Mu Aprili 2021 batoto wa masomo walikaa siku nyingi ku meri ya Beni, na iniforme zao, kudai rais akuje mwenyewe aone mauaji. Walifukuzwa kwa nguvu. Mu Juni rais akafika. Hatusemi alileta amani. Tunasema kizazi kimoja kilijifunza kuita mkubwa kwa jina la kazi yake.

Na maisha ya kila siku? Hapo ndipo kuko uzito. Mauaji ya Beni yalianza Oktoba 2014, kwa hiyo kijana wa miaka ishirini hakumbuki muji mwenye amani. Ebola ilituachia hofu ya kugusa: kwa karibu miaka miwili, mpaka 25 Juni 2020, maiti ilizikwa na watu wenye kuvaa kama roketi, na mama alitazama mtoto wake kwa mbali. Kwetu kuzika ni kazi ya jamaa nzima. Kunyimwa hiyo ni kidonda chenye hakuna daktari alikifunga. Kisha kuvefe ikakata usiku. Matanga yenye ilikuwa ya kukesha ikawa ya mchana. Harusi vilevile: watu wanacheza wakitazama saa. Kuna wenye wanasema desturi imekufa. Sisi tunaona ilijikunja tu. Nyimbo za kilio zimeingia mu maandamano, na nyimbo za maandamano tumezisikia ku makaburi.

Tuseme pia juu ya vil morte. Ilikuwa silaha yetu ya amani, na ingali. Lakini mama mwenye kuuza ndizi hana friji na hana benki. Siku tatu za vil morte ni siku tatu batoto wanalala njaa, na mkubwa mwenye kulipwa mshahara hasikii kitu. Kwa hiyo leo hatuiiti bila kukaa kwanza na bamama wa soko na wandugu wa moto. Na juu ya mawe na moto, musimamo wetu haujabadilika. Mu Butembo, 26 Julai 2022, watu watatu wa MONUSCO waliuawa na raia wetu pia wakaanguka. Hakuna usalama hata moja yenye ilizaliwa siku ile.

Sasa neno lenye munasikia zaidi: nchi iko mu vita, munyamaze. Eta de siyeje iliwekwa Mei 2021 kwa siku thelathini. Mpaka leo tungali tunahesabu. Tuangalie kule Ukraine. Vijana wao walisimama ku Maidan, mu Kyiv, tangu Novemba 2013. Watu karibu mia moja waliuawa, rais Yanukovych akakimbia mu Februari 2014. Walipata amani? Hapana. Urusi ikachukua Crimea mwaka uleule, na mu 2022 vita kubwa ikaingia. Lakini mulize namna wanajiona: sanamu za Lenin ziliangushwa, na wengi wenye walizungumza Kirusi tangu utoto wakachagua kusema Kiukraine mu nyumba na ku kazi. Na mu Julai 2025, makombora yakianguka, bunge lao likapitisha sheria ya kufunga mikono ofisi za kupambana na rushwa. Vijana wakatoka mu barabara na vipande vya kartoni. Mbele ya mwezi kuisha, sheria ikarudishwa nyuma. Vita ilikuwa palepale, na hakuna mutu aliwaita wasaliti akafaulu.

Turudi kwetu, sababu kuko jambo lenye linatukera zaidi ya yote. Tarehe 20 Desemba 2023 Beni na Butembo tulipiga kura. Masisi na sehemu kubwa ya Rutshuru walikatazwa, sababu ya vita, neno lilelile la 2018. Hapa kwetu kelele ilikuwa ndogo sana. Tulikuwa na karte zetu, tukafurahi, tukaenda. Kisha M23 ikachukua Kanyabayonga mu Juni 2024, ikachukua Goma mu Januari 2025, na serikali ya jimbo ikahamia hapa Beni. Wandugu wa Rutshuru na Lubero ni majirani wetu leo, wanalala mu makanisa na mu masomo, tunachota maji ku robine moja. Kama 2028 watasema tena kwamba wenye kukimbia vita hawana fasi ya kupiga kura, ni mbele ya macho yetu itafanyika. Watu wa Beni wanaijua ile aibu vizuri kuliko mutu yeyote mu nchi hii. Nani atapanga mustari kwa ajili yao?

Kwa hiyo Jumamosi, kisha salongo, kila kartiye itapita avenyu kwa avenyu kuandika wenye umri wa kupiga kura na wenye hawana karte, wenyeji na badeplase mu kaye moja. Kalamu na makaratasi tunazo. Butembo wataanza na masomo yenye kupokea badeplase. Wenye wako na moto, mubakie kidogo hapa mbele, tupange nani anaenda wapi.