Nyekundu kushoto, kijani kuume: maneno yetu kwa vijana juu ya boti zenye kukutwa na usiku



Sisi wenye tunasimama mbele yenu ni vijana wenye diplome bila kazi. Hatuko makapiteni. Lakini tunapandaka boti sawa nyinyi wote: Goma, Idjwi, Minova, Kalehe, Bukavu. Leo tutaongea juu ya taa tatu ndogo.

Siku moja tulitoka Idjwi saa tisa za mchana, ndani ya boti ndogo ya moteri. Katikati ya Ziwa Kivu moteri ikazimika. Ilipowaka tena, giza lilikuwa limeingia, maana kwetu jua linazama karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima. Kapiteni akamupa kijana mumoja tochi: « Mulika mbele. » Mbele kulikuwa taa nyeupe nyingi za wavuvi wa sambaza. Moja kati yao haikuwa ya muvuvi. Ilikuwa boti ingine ya moteri, inakuja juu yetu, nayo na tochi yake. Tulijua tu wakati tulisikia muungurumo. Ilipita karibu sana, mama mumoja akaloana mwili muzima.

Pale tulielewa: taa nyeupe peke yake inasema « niko hapa ». Haisemi « naenda huku ».

Ndio maana sheria ya kimataifa ya 1972 ya kuepusha migongano baharini inataka rangi. Toka jua kuzama mpaka jua kutokea, boti ya moteri yenye iko chini ya metre 12 inaweza kubeba taa nyeupe moja yenye kuonekana pande zote, nyekundu upande wa kushoto na kijani upande wa kuume. Nyeupe ionekane toka kilometre karibu 3,7. Zile za rangi karibu 1,8. Mutumbwi wa kasia, kama hauna taa hizo, uwe na tochi tayari kwa kuonyesha mapema. Sheria ile iliandikwa kwa bahari, lakini maji ya Kivu yanauaka sawa maji ya bahari.

Kuisoma ni rahisi. Ukiona nyekundu na kijani pamoja, boti inakuja sawasawa kwako. Ukiona nyekundu tu, unaona ubavu wake wa kushoto. Na kama ile nyekundu iko kwa mkono wako wa kuume, wewe ndiye unapisha.

Wengine watasema: kusafiri usiku kunakatazwa. Ni kweli, viongozi wamekataza mara nyingi. Lakini moteri haiombake ruhusa mbele ya kuzimika. Boti yenye inatoka mchana bila taa imeisha kuamua kwamba haitachelewa hata siku moja. Nani anaweza kuahidi vile?

Hatutaki kuwadanganya. Taa haziokoe boti yenye imejazwa kupita kiasi. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti yenye ilitoka Minova ilizama mchana karibu na Kituku, watu wakiangalia toka kando. Na toka 2019, kisha ajali ingine ya Kivu, rais wa Jamhuri alisema jile ya kuokoa ni lazima kwa kila abiria. Mara ngapi mumepanda bila jile? Sheria yenye hakuna mutu anaikagua ni karatasi tu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili kwa wenye kupokea taksi bandarini. Kwanza, mukihesabu watu na mizigo, muangalie pia taa kama zinawaka. Pili, boti yenye haina taa isiruhusiwe kutoka kama haiwezi kufika mbele ya giza. Taa ndogo na batri ya pikipiki vinatosha kwa kuanza. Haiombe mufadhili toka ngambo.

Na sisi vijana? Kabla ya kulipa tiketi, tuulize kwa heshima: « Kapiteni, taa ziko wapi? Tuwashie tuone. » Mutu mumoja akiuliza, watamucheka. Boti nzima ikiuliza, kapiteni atanunua.

Tuanze kesho asubuhi, bila matusi na bila mawe. Tuulize tu, kila siku, mpaka wapate jibu.