ANAYETEGEMEA NAYE ANA HIARI

Hotuba iliyosomwa mjini Kigali kwa niaba ya walimu wa kambi, Siku ya Wakimbizi Duniani



Sisi walimu tumeombwa kusema machache juu ya afya na haki. Tutaanza na kosa letu wenyewe.

Mama mmoja alitujia shuleni na karatasi mkononi. Watu wa utafiti walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakitaka kupima damu ya watoto, na yeye alitakiwa atie kidole gumba. Karatasi iliandikwa kwa lugha asiyoijua. Akatuuliza: "Walimu, nikikataa, jina letu litatoka kwenye orodha ya msaada?" Hatukujua jibu, wala hatukwenda kuuliza. Tulimwambia, "Mama, weka tu kidole, usijitafutie matatizo." Akaweka. Mtoto hakudhurika, lakini tangu siku ile tunajua kwamba mama yule hakukubali. Aliogopa tu, nasi tulimsaidia kuogopa.

Ndugu zetu, jibu la swali lake lilikuwapo. Katiba ya Rwanda, katika kifungu cha 14, inasema mtu asifanyiwe majaribio bila ridhaa yake baada ya kuelezwa. Kifungu hicho hakisemi raia peke yake. Mwezi wa Oktoba 2005 UNESCO ilipitisha Tamko juu ya maadili ya tiba na sayansi ya uhai. Kifungu cha 6 kinasema kuwa aliyekubali utafiti anaweza kujitoa wakati wowote bila kupata hasara. Kifungu cha 8 kinataka watu na makundi yaliyo katika hali ya unyonge walindwe. Kwa hiyo tungepaswa kumwambia: "Mama, una haki ya kukataa, na msaada wako usiguswe."

Wahenga walisema mtegemea cha ndugu hufa maskini. Methali hiyo hutufanya tuinamishe vichwa tunapopanga foleni. Lakini ni nani asiyetegemea? Mwaka 2024 ugonjwa wa Marburg uliingia Rwanda. Ulitangazwa tarehe 27 Septemba, ukawapata watu 66, na 15 wakafariki. Wengi wa waliougua walikuwa wahudumu wa afya, hasa wa hapa Kigali. Watu waliozoea kuhudumia wengine wakawa wao wanaosubiri kuhudumiwa. Mwanzoni mwa Oktoba walianza kupewa chanjo iliyokuwa bado katika majaribio, nayo ilitolewa kwa ridhaa. Daktari aliye katika hatari anaelezwa kwanza, kisha anaamua. Mama wa kambini naye anastahili hivyo hivyo. Tena yeye anahitaji maelezo zaidi, kwa sababu anayemwomba ridhaa anaweza kuonekana machoni pake kuwa ndiye anayempa chakula.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila karatasi ya ridhaa isomwe kwa sauti katika Kiswahili au Kinyarwanda, kabla kidole hakijatiwa wino. Pili, anayegawa msaada asiwe ndiye anayeomba ridhaa, na jambo hilo litamkwe wazi mbele ya mzazi. Tatu, kabla utafiti haujaanza, kamati ionyeshwe kibali cha Kamati ya Taifa ya Maadili ya Rwanda.

Kwa upande wetu, sisi walimu tunaahidi kusoma. Mzazi akija na karatasi, tutamsomea mstari kwa mstari, na pale tusipoelewa tutakwenda naye kuuliza. Hatutasema tena "weka tu kidole".

Mama yule tumekwisha kumwomba radhi. Alitujibu kwamba siku ile alihitaji mtu mmoja tu wa kusimama naye. Leo tunaomba tusimame naye sote.