Somo la Kwanza kwa Mrundi

Juma hili nazungumzia somo la kwanza la Kiswahili.

Vyuo vyetu vikuu, Dar es Salaam na Zanzibar, vimefundisha Kiswahili wageni wa kila namna. Lakini mpango wa masomo ya wanaoanza humfikiria zaidi mtu wa Ulaya au Marekani. Majuma yanaishia kwenye ngeli, maana Mzungu hajazoea neno linalobadilika kichwani badala ya mkiani.

Sasa uchukueni mpango huo hadi Kibondo na Kasulu, ambako Warundi waliingia kwa maelfu mwaka 1993 na tena mwaka 2015. Mrundi husema umuntu, abantu, amazi, inyama. Ngeli alizinyonya kwa mama yake; na Muha wa Kasulu huelewana naye bila mkalimani. Mpeni kanuni moja tu, kwamba r yake mara nyingi kwetu ni l. Asubuhi moja, kurima kwake kumekuwa kulima, kurara ni kulala, kurira ni kulia.

Muda huo uliookolewa upelekwe penye mtego. Kwa Kirundi guteka ni kupika. Mama akisema ameteka nyama, sisi tunaoijua barabara ya Kibondo, ambako magari yalikuwa yakisindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi, tunamgeukia mara mbili! Hapo tutacheka yaishe. Lakini ejo ya Kirundi ni jana, na ni kesho pia; kitenzi ndicho kinachoamua. Mwenye lugha hiyo huanza kwa kuchanganya jana yetu na kesho yetu, na zahanati ataulizwa homa ya mtoto ilianza lini. Mwanafunzi kutoka Oslo hana haja na ukurasa huo. Nduta ungekuwa wa kwanza.

Nitaambiwa shule za kambini zilifuata mtaala wa Burundi ili watoto wakirudi wasipotee. Sawa. Lakini watoto wa wakimbizi wa mwaka 1972, kule Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walisoma kwa Kiswahili, na mwaka 2014 Serikali ilianza kugawa vyeti vya uraia kwa zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo. Burundi nayo, baada ya kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, inafundisha Kiswahili katika shule za msingi. Anayerudi anakihitaji, anayebaki anakihitaji.

Chuo cha Ualimu kipo Kasulu. Kitabu hicho akiandike mwalimu Muha, anayesikia lugha zote mbili. Mlimani wamsahihishie tahajia.