Pikipiki Moja, Lami na Vumbi

Leo tunazungumza na bwana shamba, muuguzi na yeyote anayeendesha Yamaha DT 125 au Honda XL 125: pikipiki ndefu zenye taa na namba ya usajili, zinazoruhusiwa barabara kuu na bado zinapita njia ya ng'ombe.

Hatari kubwa ni pale unapoacha vumbi na kuingia lami. Meno makubwa ya tairi hushika tope vizuri, lakini kwenye lami yenye maji sehemu inayogusa barabara ni ndogo, nayo huteleza. Ulipunguza upepo ili kupita mchangani? Jaza tena kabla ya kuongeza mwendo. Tairi laini huyumba konani na kupata joto. Basi pampu ya mkono isikose. Futa tope kwenye taa na indiketa, kisha jaribu breki, maana zikilowa huchelewa kushika.

Porini, simama juu ya vikanyagio, magoti yakunjwe kidogo, uiache pikipiki icheze chini yako. Kwenye kokoto, breki ya mbele iguse taratibu. Kofia ngumu nayo ifungwe mkanda hata unapokwenda shambani. Eti huko hakuna trafiki! Mawe yapo.