Mazrui: Jina Lililotoka Omani, Likatawala Mombasa, Likatawanyika

Koo chache za pwani ya Afrika Mashariki zimeandikiwa historia nyingi kama ukoo wa Mazrui. Wanahistoria wameshughulika na vita vyao, mikataba yao na magomvi yao na masultani wa Unguja. Jina lenyewe wamelipita njiani. Mada hii inalifuata jina: lilitoka wapi, lilivukaje bahari, nani waliendelea kulibeba na leo liko wapi. Hoja yake ni kwamba ushindi haukulisambaza jina hili. Kwa muda wote ambao Wamazrui walishika Ngome ya Yesu, jina lilikaa Mombasa, Pemba na mwambao wa jirani. Liliposafiri mbali, liliwafuata watu waliokuwa wameshindwa.

Kwa Kiarabu mtu mmoja wa kabila hili huitwa al-Mazrui, na wengi wao huitwa al-Mazari. Mzizi wa neno unahusu kilimo na kupanda. Jambo kubwa zaidi ni kwamba hii ni nisba, yaani jina la kabila linalowekwa mwishoni, baada ya jina la mtu, la baba na la babu. Aliyekuwa Omani katika karne ya 17 hakuhitaji kulitaja kila siku, kwa kuwa kijijini kwake kila mtu alikuwa Mazrui. Nisba hupata kazi mtu anapofika ugenini, akaulizwa yeye ni wa nani.

Nyumbani kwao kunatajwa Rustaq, bara ya Omani, chini ya milima ya Hajar. Rustaq ulikuwa mji mkuu wa maimamu wa Yaarubi, na ni maimamu hao waliowatoa Wareno Maskati mwaka 1650, kisha wakawafuata hadi Mombasa. Kuzingirwa kwa ngome kulianza Machi 1696, na ngome ikaanguka Desemba 1698. Wareno walirudi mwaka 1728, wakafukuzwa mwaka uliofuata na wenyeji wenyewe, ambao hawakutaka tena kuwaona. Wazee wa Mombasa walivuka bahari kwenda Omani kuomba ulinzi. Imamu akapeleka maliwali, na katika miaka ya 1730 akafika Muhammad bin Uthman al-Mazrui.

Hakufika kama mtekaji. Mombasa ilikuwa na wenyewe: Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili ya Waswahili waliojigawa katika Tisa Taifa na Tatu Taifa, kila upande ukiwa na tamimu wake, yaani kiongozi wake. Liwali alitawala kwa maafikiano nao. Nyuma yao walikuwepo Wamijikenda, waliokuwa na nafaka, pembe za ndovu na wapiganaji. Mgeni aliyejifungia ngomeni bila kuelewana na makundi hayo asingedumu.

Kilichomgeuza liwali kuwa mtawala kilitokea Omani. Waajemi walivamia, dola ya Wayaarubi ikaporomoka, na katika miaka ya 1740 uimamu ukashikwa na Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi, aliyekuwa liwali wa Sohar. Masimulizi ya pwani yanasema Muhammad bin Uthman alikataa kumtambua kwa sababu moja: yule alikuwa liwali kama yeye, na kama amejitwalia Omani, basi naye atabaki na Mombasa. Mwaka 1746 watu waliotumwa kutoka Omani walimuua. Ndugu yake Ali alitiwa kifungoni, akatoroka, akasaidiwa na wenyeji kuirudisha ngome. Tangu hapo Mombasa haikuwa tena mkoa wa Omani, na neno Mazrui likaacha kuwa nisba ya mtumishi wa imamu. Likawa jina la nyumba inayotawala.

Nyumba hiyo ilikaa madarakani takriban miaka 90. Pemba ilikuwa ghala lao la chakula, kwa hiyo Wamazrui walipeleka huko watu wao na wakaoa huko. Ali bin Uthman alijaribu kuitwaa Unguja na akauawa katikati ya vita, mwaka 1755, kwa mkono wa jamaa yake mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 majeshi ya Mombasa na Pate yalivunjwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, na Lamu ikamwita Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani wa ukoo wa Busaidi, kuilinda. Pemba ikaponyoka mwanzoni mwa miaka ya 1820. Hapo ndipo Wamazrui walipomwendea Mwingereza: Februari 1824 nahodha William Owen alikubali kupandisha bendera ya Uingereza juu ya Mombasa bila idhini ya serikali yake, na mwaka 1826 bendera hiyo ikashushwa. Mshairi Muyaka bin Haji aliishi katika miaka hiyo, akawa sauti ya mji dhidi ya Said. Anayetaka kujua Mombasa ya Mazrui ilivyojiona, na si ilivyoonwa na manahodha, aanze na Muyaka.

Mtu asidhani kuwa jina hili lilibaki la Waarabu watupu. Jina hufuata baba. Wanaume waliotoka Omani walioa Waswahili, na wazao wao wakaoa katika familia za Wadigo, Waduruma na Wagiriama. Mtoto wa mama Mdigo na baba Mazrui ni Mazrui. Baada ya vizazi vichache lugha ya nyumbani ikawa Kiswahili cha Kimvita. Hata madhehebu yakabadilika. Waliofika walikuwa Waibadhi kama watu wengi wa Omani, na katika karne ya 19 ukoo ukahamia Usunni wa Shafii, madhehebu ya Waswahili wenzao. Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1825 na kusoma Maka, alikuwa mstari wa mbele katika mageuzi hayo. Kwa mwandishi wa mada hii huo ndio ushahidi mzito kuliko wowote wa kuingia kwao pwani: mtu huweza kubadili lugha kwa ajili ya soko, lakini madhehebu ya baba yake hayaachi kwa urahisi.

Upande mwingine wa habari nao lazima usemwe. Mashamba ya Wamazrui huko Takaungu na Gazi yalilimwa na watumwa. Kote pwani, wako waliochukua jina la ukoo wa waliowamiliki, na wako watoto wa masuria waliorithi jina kwa haki ya baba. Kwa hiyo orodha yoyote ya watu wenye jina la ukoo mkubwa wa pwani inabeba damu ya pande nyingi, na anayeisoma kama orodha ya kizazi kimoja safi anawafuta watu walioujenga uchumi huo kwa jasho.

Mwaka 1837 ulikuwa mwaka wa kutawanyika. Sayyid Said, baada ya mashambulizi ya miaka mingi, aliingia Mombasa kwa kuutumia mgawanyiko wa ndani ya ukoo. Wakuu wao zaidi ya ishirini walikamatwa kwa hila, wakapelekwa Bandar Abbas, upande wa Uajemi wa Ghuba, na huko wakapotelea. Waliosalimika waligawanyika mafungu mawili. Wengine walikwenda kaskazini, wakakaa Takaungu, karibu na hori la Kilifi, jirani na Wagiriama. Wengine walikwenda kusini, wakakaa Gazi, katika nchi ya Wadigo. Ramani ya jina Mazrui nchini Kenya ilichorwa mwaka huo. Ukitaka kujua Mazrui fulani ni wa wapi, swali la kwanza bado ni hilo: wa Takaungu au wa Gazi? Nao waliobaki Mombasa waliishi karibu na ngome ambayo haikuwa yao tena, wakazika watu wao katika makaburi ya ukoo yaliyo jirani nayo.

Gazi ilimtoa Mbaruk bin Rashid, mtoto wa liwali wa mwisho wa Mombasa. Alipigana na masultani wa Unguja wa ukoo wa Busaidi mara kwa mara, akapatana nao, akapigana tena. Mwaka 1895 mtawala wa Takaungu, Salim bin Khamis, alifariki. Aliyeona kiti ni haki yake aliitwa pia Mbaruk bin Rashid, na majina hayo mawili yamewachanganya waandishi wengi. Kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani wakati huo ilimpendelea Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu. Mbaruk wa Gazi akaingia upande wa wajina wake, na ugomvi wa urithi wa mji mdogo ukageuka vita vya pwani nzima. Agosti 1895 Amiri Harry Rawson wa Uingereza aliongoza kikosi kilichoiteketeza Mweli, ngome ya Mbaruk wa Gazi vilimani. Vita viliendelea hadi Aprili 1896, Mbaruk alipovuka mpaka na watu wake na kujisalimisha kwa Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Aliishi Dar es Salaam hadi kufa kwake mwaka 1910. Kwa njia hiyo jina likahamia Tanganyika, na lilifika huko kama jina la wakimbizi.

Takaungu ilibaki na ardhi. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya amana ya ardhi ya Wamazrui katika eneo la Kilifi, na mwaka 1989 Bunge la Kenya likaifuta. Kwa uenezi wa jina, sheria hiyo ilikuwa na maana kubwa. Jina la ukoo lilikuwa limeingia katika maandishi ya serikali kama jina la mwenye haki, na anayedai sehemu yake alipaswa kuthibitisha kuwa ni Mazrui. Mtu aliyetosheka kuitwa kwa jina lake, la baba na la babu sasa alikuwa na sababu ya kuliandika la nne.

Karne ya 20 ililipeleka jina mahali ambapo mizinga haikuwahi kulifikisha, na aliyelipeleka ni mwanachuoni. Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui alizaliwa mwaka 1891. Baba yake, yule Sheikh Ali bin Abdallah, alifariki mwaka 1894, na mtoto akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali. Alisoma pia Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait. Mwaka 1930 alianzisha karatasi ya Sahifa na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, akiwahimiza Waislamu wa pwani wasome, wafanye kazi na waache mambo yasiyo ya dini. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya alipofariki mwaka 1947. Pia aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake, iliyochapishwa kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Bila kitabu hicho, ukiacha mashairi ya Muyaka na masimulizi ya pwani, tungebaki na maneno ya maadui na manahodha. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, alishika ukadhi mkuu baada ya uhuru na akaandika vitabu vya Kiswahili vya maisha ya makhalifa waongofu.

Mtoto wa Sheikh Al-Amin, Ali Mazrui, alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Alifundisha Makerere, akaondoka Uganda wakati wa Idi Amin, akaenda Chuo Kikuu cha Michigan na baadaye Binghamton, jimbo la New York. Mfululizo wake wa filamu kuhusu Afrika na urithi wake wa aina tatu ulionyeshwa mwaka 1986, na tangu hapo neno Mazrui kwa wasomaji wengi wa dunia likawa jina la profesa. Alifariki Marekani Oktoba 2014, akaletwa kuzikwa Mombasa katika makaburi ya ukoo. Alamin Mazrui, mtaalamu wa lugha na mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, aliwekwa kizuizini bila kesi mwaka 1982, kisha akafundisha Marekani. Tofauti yao na wazee wa Gazi na Takaungu ni kubwa, lakini kwa yule wa Makerere na kwa yule wa kizuizini hali ni ile ile: waliondoka kwa kuwa utawala wa siku zile uliwabana.

Sasa jina liko wapi? Kenya, hasa Mombasa, Kilifi na Kwale, linaandikwa Mazrui. Tanzania liko Pemba, Unguja, Dar es Salaam na miji ya pwani. Omani halikuondoka kamwe. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu ni jina la kawaida: al-Mazari ni tawi la Bani Yas lenye mizizi Liwa na Abu Dhabi, na wako pia katika vijiji vya milima ya Ras al-Khaimah. Huko pasipoti huandika Al Mazrouei au Almazrouei, kama lilivyo jina la Suhail Al Mazrouei, aliyeteuliwa waziri wa nishati mwaka 2013. Mapinduzi ya Unguja ya 1964, na kufunguliwa kwa Omani baada ya 1970 chini ya Sultan Qaboos, kulirudisha Ghuba familia nyingi za asili ya Omani zilizokuwa zikizungumza Kiswahili nyumbani. Kwa hiyo Maskati au Abu Dhabi wanaweza kukutana wawili wenye jina moja, mmoja babu zake hawakuwahi kuiona Mombasa, mwingine anaota kwa Kimvita.

Hapo ndipo wanaohesabu majina kwa kompyuta wanapokosea. Wakitafuta tahajia ya Mazrui watapata Kenya na kuikosa Ghuba. Wakitafuta Mazrouei watapata Ghuba na kuwajumuisha watu wasio na uhusiano wa karibu na ngome ya Mombasa. Watawakosa pia wale ambao vitambulisho vyao vina majina matatu tu, la mtu, la baba na la babu, nao ni wengi. Mwanamke wa pwani hachukui jina la ukoo wa mume, lakini watoto wake huchukua la baba yao, na hivyo wazao wa ukoo kwa upande wa mama hawaonekani katika orodha yoyote. Kinachoweza kusaidia ni kumbukumbu za ndoa na mirathi za mahakama za kadhi, hati za ardhi za Takaungu, maandishi ya makaburi na shajara zinazotunzwa majumbani. Kazi ya kuzisoma hizo pamoja, za Mombasa, Pemba na Rustaq, inahitaji watu wanaosoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na wazee wanaoweza kuzifafanua wanapungua kila mwaka.