Daftari la Zamani Lisifungwe Kabla Jipya Halijajaribiwa

(Haya ni maneno aliyoyatoa mfanyakazi wetu wa maendeleo ya jamii kwenye semina ya makatibu na waweka hazina wa vikundi.)

 

Nimeombwa niseme juu ya hesabu za kompyuta. Siku hizi vikundi vingi vinaambiwa viache daftari na viweke hesabu kwa programu ya simu au ya kompyuta. Wengine mmeshaanza. Kila niendapo naulizwa, "Je, kitu hiki ni kizuri au ni kibaya?" Mimi huwajibu kwa swali lingine: Je, mmekijaribu? Nani alikijaribu, na kwa hesabu za nani?

Msidhani ni sisi wa kijijini tu tunaohangaika. Hebu niwasimulie habari za mji mmoja mkubwa wa Uingereza uitwao Birmingham. Una watu zaidi ya milioni moja. Halmashauri yake hulipa mishahara, hulipa wauza bidhaa, hukusanya kodi na hutunza wazee na watoto. Tangu mwaka 1999 hesabu zake zilikuwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao SAP. Wakaamua kuuacha na kuchukua mpya wa kampuni ya Oracle. Bajeti ya mwanzo ilikuwa karibu pauni milioni 20. Ulipangwa kuanza Desemba 2020, ukacheleweshwa, ukawashwa Aprili 2022.

Sasa sikilizeni vizuri. Nia yao ya kwanza ilikuwa kuuchukua mfumo jinsi ulivyo na kubadili namna yao ya kufanya kazi. Lakini njiani wakaanza kuubadili mfumo wenyewe, hasa sehemu ya kulinganisha fedha za benki na vitabu. Ni kama mtu anunuaye shati dukani, halafu alipeleke kwa fundi akate kola na mikono. Shati hilo si lile alilolipima dukani. Ni lazima alivae tena nyumbani kabla ya siku ya harusi, si ndiyo?

Walipouwasha, sehemu ile ya benki haikufanya kazi ilivyotakiwa. Fedha ziliingia benki, lakini mfumo haukuweza kuzipanga mahali pake. Makarani wakarudi kulinganisha kwa mkono. Halmashauri ikashindwa kutoa hesabu safi za mwaka. Kufikia 2023 gharama ilikadiriwa kufika pauni milioni 100. Wakaguzi wa hesabu walisema mfumo uliwashwa kabla haujawa tayari, na kwamba halmashauri haikuwa na watu wa kutosha wanaoufahamu.

Septemba 2023 halmashauri ilitangaza kwamba haiwezi kufanya matumizi mapya, isipokuwa yale ya lazima kisheria. Tuseme haki: si kompyuta peke yake iliyowafikisha hapo. Walikuwa na deni kubwa zaidi la wafanyakazi, wengi wao wanawake, waliokuwa wamelipwa chini ya wanaume kwa kazi yenye thamani sawa. Lakini deni lilipobisha hodi, hawakuweza hata kuona sawasawa kilichomo mfukoni. Na aliyelipa ni mwananchi. Mwaka 2024 kodi ya nyumba ilipanda kwa karibu asilimia 10, na huduma zikapunguzwa.

Mimi mwenyewe nimeonja jambo hili. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, ofisi moja niliyofanyia kazi ilihamisha hisa za wanachama kutoka vitabuni hadi kwenye kompyuta. Fundi aliijaribu kwa majina kumi, yote yakatoka sawa. Lakini majina hayo aliyachagua yeye: watu wanaolipa kila mwezi, kiasi kilekile, bila kuruka. Sisi tukapiga makofi. Vitabu vikatiwa guniani, vikapelekwa stoo.

Mwezi wa pili akaja mama mmoja mzee kuomba mkopo wa karo ya mjukuu. Kompyuta ikasema hana hisa hata ya shilingi moja. Kumbe kulikuwa na mwanachama mwingine mwenye majina kama yake, wa kijiji kilekile, na fedha zake zote zilikuwa zimewekwa kwa yule mwenzake. Mama hakugombana na mtu. Alifungua kitambaa, akatoa risiti zake, nyingine zimefifia, akazipanga mezani moja moja. Tulikwenda stoo kutafuta kitabu. Mchwa walikuwa wametutangulia, ila bahati njema hawakukifikia chake. Ilituchukua siku mbili kusahihisha. Hata hivyo mtoto alikaa nyumbani wiki nzima.

Tangu siku hiyo najua kwamba jina la yule mama ndilo lililopaswa kujaribiwa kwanza. Mfumo haujaribiwi kwa hesabu rahisi. Hujaribiwa kwa zile zinazowasumbua kila mwezi.

Basi, mkitaka kuhama, fanyeni hivi:

1. Andikeni mambo magumu ya kikundi chenu. Wenye majina yanayofanana. Anayelipa nusu leo na nusu wiki ijayo. Anayemlipia dada yake kwa simu yake. Aliyefariki, na mrithi bado hajakubaliwa. Yajaribuni yote.

2. Anayejaribu awe mweka hazina mwenyewe. Muuzaji wa programu atawaonyesha njia anayoijua haina mashimo.

3. Kosezeni makusudi. Andikeni 5,000 mahali pa 500, kisha mwone kama mnaweza kusahihisha na kama alama ya kosa inabaki. Mfumo unaofuta kosa kimya kimya utafuta na ukweli.

4. Endesheni vyote viwili pamoja kwa miezi mitatu, daftari na programu. Kila mwisho wa mwezi jumla zilingane, shilingi kwa shilingi, na zilingane na karatasi ya benki. Ni kazi mara mbili, najua. Lakini ni nafuu kuliko siku ya kugombana.

5. Kitu kikibadilishwa, hata kidogo, mjaribu upya.

6. Kabla hamjaanza, chagueni mtu mwenye ruhusa ya kusema "bado", na akisema asikilizwe. Tarehe ya sherehe isimshinde. Tunajua sote kwamba haraka haraka haina baraka, lakini mgeni rasmi akishaalikwa, methali hiyo huwa tunaisahau.

Sisemi mkatae kompyuta. Daftari nalo huliwa na mchwa, tumeona. Nasema fedha za kikundi ni jasho la watu, na mwenye jasho ana haki ya kuona jina lake na hesabu yake ni sawa kabla daftari la zamani halijafungwa. Na likifungwa, msilitupe.



Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Ni hesabu zipi za kikundi chetu ambazo mgeni hawezi kuzielewa bila kuelezwa?

2. Mwanachama akileta risiti isiyolingana na programu, tutaamini kipi, na nani ataamua?

3. Nani kati yetu anaweza kusema "bado" bila kuogopa?