Fundisha Mbwa Wako Kuja Ukimwita



Mara nyingi tunakutana kwa kusema habari za mihogo na mahindi. Leo nataka kusema habari ya mbwa. Mtauliza: mbwa ana kazi gani na shamba? Anafukuza nyani katika mahindi, analinda kuku usiku. Lakini mbwa asiyesikia akiitwa ni deni kwa mwenyewe. Anaua mbuzi wa jirani, na shauri linakwenda kwa chifu. Anaingia porini, anakamatwa na waya wa mtego. Na sisi tunaokaa kando ya njia ya Likasi na Kolwezi tunayajua makamio yanayobeba mawe ya shaba: hayangojei mbwa.

Watu wanasema: «Mbwa wangu ana kichwa kigumu.» Sivyo. Hakuna mbwa aliyezaliwa anajua jina lake. Anafundishwa. Sikieni namna yake.

Neno la kwanza: sauti ya kumwita iwe moja. Kama baba anasema «Simba», mama anasema «Njoo», na watoto wanapiga mluzi, mbwa atashika lipi? Chagueni neno moja fupi, nyumba nzima ilitumie.

Neno la pili: anza karibu, mbwa akiwa na njaa. Shika mkononi kipande cha bukari, kidogo kama ncha ya kidole, ao kichwa cha ndakala. Simama mbali naye hatua tatu. Mwite mara moja, kwa sauti ya furaha. Akija, mpe palepale, mshike shingoni kidogo, kiisha mwache aende. Fanya hivi mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Akishajua, mwite toka nyuma ya nyumba. Kiisha nenda naye shambani, umfunge kamba ndefu ya meta 10. Akikataa, usimfukuze, maana atafikiri ni mchezo. Wewe rudi nyuma ukimwita, naye atakufuata.

Neno la tatu linapita yote kwa ukubwa: usimpige mbwa aliyekuja. Hapa wengi wanaharibu kazi. Mbwa ameiba nyama. Mwenyewe anamwita, mbwa anakuja, anapata fimbo. Mwenyewe anafikiri: «Nimemwadhibu kwa wizi.» Mbwa hafikiri hivyo. Anafunga fimbo pamoja na jambo la mwisho alilofanya, na jambo la mwisho lilikuwa kuja. Basi umemfundisha kwamba kuja ni maumivu. Kesho atasimama katikati ya njia, kamio inakuja, utamwita, naye atakukimbia. Kwa hiyo, hata akikawia sana, akifika umpe chake. Tena usimwite kwa kumfunga tu. Mwite mara kumi, mpe, mwache aende. Mara moja tu umfunge.

Neno la nne: mzoeze kukutafuta mwenyewe. Mbwa akitangulia njiani, kiisha akageuka kukutazama bila kuitwa, msifu na kumpa kitu. Asipogeuka, nyamaza, jifiche nyuma ya kichuguu. Atarudi kukutafuta, na siku nyingine hatasahau kutazama nyuma. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili ao mitatu anajifunza upesi. Mbwa mzee pia anajifunza, ila anataka siku nyingi zaidi.

Mbwa anayekaa karibu na mwenyewe hapigani ovyo na mbwa wageni. Hii ni faida kubwa, kwa sababu kichaa cha mbwa kinapita katika mate, mbwa akiuma. Hata hivyo apate sindano yake kila mwaka. Na mtu akiumwa, aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, aende hospitali siku ileile.

Basi, wandugu, jioni ya leo, mbele ya kuweka chakula cha mbwa chini, mwite kwanza, kiisha umpe. Kazi inaanza hapo. Nimemaliza. Mwenye ulizo aulize.